Nyasi ya Dodoma Iliyopitia Australia na Dubai

Yafuatayo ni matini ya mazungumzo yaliyosomwa na mtayarishaji wetu katika kipindi cha sayansi na mazingira.



Mazungumzo yetu ya leo yanaanzia mahali ambapo pengine hamkutarajia kusikia habari za nyasi. Ni katika eneo huru la biashara la Uwanja wa Ndege wa Dubai, maarufu kwa jina la Dubai Airport Freezone. Eneo hilo lilianzishwa mwaka 1996 nalo limepakana na uwanja wenyewe. Ashukaye katika kituo chake cha treni za Metro huona majumba ya vioo, malori ya shehena, na baina ya majumba hayo vipande vya majani ya kijani vilivyokatwa sawasawa kama zulia la msikitini.

Nilifika huko kumtembelea rafiki yangu, mwenyeji wa Kibwezi nchini Kenya, ambaye amefanya kazi ya mizigo mjini Dubai kwa zaidi ya miaka ishirini. Amenizidi umri kwa miaka kumi na kitu, kwa hiyo mimi humwita kaka, naye huniita mdogo wangu. Juu ya meza yake nilikuta mfuko wa mbegu za nyasi wa kilo tano, uliotoka Australia, ukingojea hati za kuuruhusu kuendelea na safari ya Nairobi. Alikuwa amewanunulia ndugu zake, ambao shamba lao limebaki wekundu mtupu baada ya miaka ya ukame na mifugo mingi kuliko malisho. Kwenye mfuko paliandikwa neno moja kwa herufi kubwa: Biloela.

Aliufungua kidogo akanimiminia mbegu chache kiganjani. Zilikuwa na manyoya na wepesi wa ajabu. Upepo wa kiyoyozi ulizirusha hadi sakafuni.

"Mdogo wangu," akaniambia, "wewe ni mtu wa redio, unasomasoma mambo. Mimi nikiitazama mbegu hii naona ni ndata kivumbu ya kwetu Ukambani, ile tuliyochungia mbuzi tukiwa watoto. Kama ni ya kwetu, mbona nainunua kwa dola?"

Swali hilo, wasikilizaji, ndilo lililonifanya niandike mazungumzo haya. Jibu lake lilinigusa kuliko alivyodhani, kwa kuwa mimi ni mzaliwa wa Kondoa, mkoani Dodoma. Na mbegu ya Biloela asili yake ni Dodoma.

Nyasi yenyewe wataalamu wanaiita Cenchrus ciliaris, na katika biashara ya mbegu hujulikana kama nyasi ya bafeli. Shuke lake ni kama mkia mdogo wa mbweha, wenye rangi ya kijivu au zambarau iliyofifia. Mizizi yake huenda chini sana, na ndiyo maana hustahimili jua ambalo huua nyasi nyingine. Humea yenyewe porini kuanzia kusini mwa Afrika, kupitia nyika za Tanzania, Kenya na Ethiopia, hadi Bara Arabu na India. Hapa katika Falme za Kiarabu nayo ni nyasi ya asili. Kwa maana hiyo, mfuko ule uliokuwa mezani Dubai ulikuwa miongoni mwa jamaa zake, hata kama hakuna aliyeutambua.

Mwaka 1937 mbegu za nyasi hiyo zilichukuliwa Dodoma, wakati huo ikiwa Tanganyika chini ya Waingereza, zikapelekwa Queensland. Huko zilipandwa, zikachunguzwa, na hatimaye zikapewa jina la mji wa Biloela. Hazikuwa peke yake. Aina iitwayo Gayndah chimbuko lake ni Kenya. Na ile iliyoenea Marekani, iliyosajiliwa kwa nambari T-4464, ilitoka katika jangwa la Turkana. Kabla ya hizo zote, husimuliwa kwamba wenye ngamia waliotoka pande za Afghanistan katika karne ya 19 waliingiza bafeli Australia bila kukusudia, kwa kuwa matandiko ya ngamia wao yalijazwa manyasi makavu yenye mbegu ndani yake.

Hadi hapo ni historia ya safari. Jambo ambalo macho hayawezi kuliona, na ambalo limebainika kwa msaada wa maabara, ni kiasi gani cha nyasi yetu kilichosafiri.

Bafeli ina tabia moja ya ajabu. Mimea mingi huzaa kwa chavua kurutubisha yai, kwa hiyo kila mbegu ni mchanganyiko mpya wa baba na mama. Bafeli kwa kawaida haifanyi hivyo. Mbegu yake huundwa kutokana na chembe za mama peke yake, na mche unaoota huwa nakala kamili ya mama, kisha nakala ya nakala, vizazi na vizazi. Kwa miaka mingi mabingwa wa mimea walishindwa kuzichanganya aina mbili ili kupata ya tatu, mpaka mtaalamu wa Texas aitwaye Bashaw alipogundua mmea uliozaa kwa njia ya kawaida, akaandika habari zake mwaka 1962. Mimea ya namna hiyo ni adimu mno.

Maana yake ni kwamba shamba la bafeli lenye ukubwa wa mji mzima, lenye mashuke yasiyo na idadi, laweza kuwa mmea mmoja uliojirudia. Utalijuaje hilo kwa kutazama? Hutalijua. Mche ulioota kwenye udongo wa kichanga huonekana tofauti na ndugu yake aliyeota kwenye mfinyanzi, ingawa ni pacha. Na miche miwili inayofanana kwa umbo yaweza kuwa haina undugu wa karibu hata kidogo.

Hapo ndipo zinapohitajika zile ambazo wataalamu huziita alama za molekuli, nasi tuziite alama za vinasaba. Wasikilizaji wengi mmesikia habari za kipimo cha vinasaba pale watu wanapogombania mtoto mahakamani. Kwa nyasi kazi ni hiyo hiyo. Mtafiti huchuma jani, hulisaga, na kutenga vinasaba vyake. Kisha hutumia mashine inayopasha moto na kupoza kwa zamu, ambayo hunakili sehemu fulani za vinasaba hivyo mara mamilioni. Sehemu zilizonakiliwa husukumwa kwa umeme ndani ya utando wa jeli. Fupi hukimbia mbele, ndefu hubaki nyuma, na mwishowe huonekana kama mistari iliyopangana, mfano wa ile mistari myeusi iliyochapwa kwenye bidhaa za madukani. Mimea miwili ikiwa na mistari ile ile katika kila kipimo, ni nakala. Ikitofautiana, idadi ya tofauti ndiyo kipimo cha umbali wa ukoo.

Mbinu zenyewe zimebadilika upesi. Iitwayo RAPD ilitangazwa mwaka 1990. Ilikuwa ya bei nafuu na ndiyo iliyowawezesha watafiti wengi wa Afrika kuanza, ingawa ilikuwa na kasoro kwamba maabara mbili zaweza kupata mistari isiyolingana kwa jani lile lile. Mwaka 1995 ikatangazwa AFLP, iliyo imara zaidi. Siku hizi mtafiti husoma maelfu ya alama kwa mkupuo mmoja. Lakini nitie neno hapa, maana nimewahi kusikia watu wakizisifu alama hizi kupita kiasi. Hazikuambii ni nyasi ipi ng'ombe anaipenda, wala ipi itaota shambani kwako. Zinakuambia nani ni ndugu wa nani. Mengine hujulikana kwa jembe na kwa mdomo wa ng'ombe.

Hasara ya kupanda nakala ilidhihirika Marekani. Nyasi ile ya Turkana ilipandwa kusini mwa Texas na kaskazini mwa Meksiko katika eneo la mamilioni ya hekta. Ililisha mifugo vizuri kwa nusu karne. Kisha, mwaka 1996, ukaonekana ugonjwa wa majani uletwao na kuvu, wa jamii ile ile isababishayo ugonjwa wa blasti katika mpunga. Majani yakapata madoa, yakakauka. Na kwa kuwa karibu kila mche ulikuwa ndugu pacha wa mwenzake, kuvu lililoweza kuushambulia mche mmoja liliweza kuishambulia yote. Wataalamu walianza kutafuta kinga katika mabunda ya mbegu yaliyowahi kukusanywa porini, na mengi ya hayo chimbuko lake ni Afrika.

Na nyasi hiyo hiyo ina uso wa pili. Huko Arizona imevamia jangwa la Sonora, na ikikauka huwaka na kuiunguza ile mikakati mikubwa ambayo haikuumbwa kustahimili moto. Jimbo hilo liliitangaza kuwa gugu hatari mwaka 2005. Jimbo la Australia Kusini nalo lilifanya vivyo hivyo mwaka 2015. Nilipomweleza rafiki yangu hayo alicheka, akasema kumbe yuko mtu duniani analalamika kwamba nyasi imezidi.

Turudi nyumbani sasa. Mwaka 2005, jarida moja la kisayansi linaloshughulikia nyanda za malisho za Afrika lilichapisha utafiti wa jopo la wataalamu waliofanya kazi nchini Kenya. Waliichunguza nyasi nyingine ya porini, jamaa ya nyasi ya Rhodes, iitwayo Chloris roxburghiana, ambayo wafugaji wa kusini mwa Kenya wamekuwa wakiiona ikitoweka kadiri ardhi inavyochakaa. Walikusanya mimea kutoka sehemu zenye hali ya hewa tofauti, wakaipima kwa mbinu ya RAPD. Alama zilionyesha kwamba nyasi za sehemu hizo, ambazo mchungaji angeziita kwa jina moja, zina tofauti za kiukoo kati ya sehemu na sehemu.

Mtu aweza kuuliza, hilo lina faida gani kwa mwenye mbuzi kumi? Faida ipo. Kama nyasi ya bonde fulani imekaa hapo vizazi visivyohesabika ikichujwa na ukame wa hapo, udongo wa hapo na wadudu wa hapo, basi ikiisha imekwisha na ujuzi wake. Huwezi kuileta tena kutoka kwa majirani, kwa kuwa ya majirani ni nyingine. Kabla ya alama za vinasaba tulidhani tunapoteza nyasi kwa eneo, yaani hekta kadhaa mwaka huu na kadhaa mwakani. Kumbe tunapoteza koo.

Kuna hazina zilizowekwa kuzuia hasara hiyo. Kituo cha Kimataifa cha Utafiti wa Mifugo, ILRI, kinahifadhi mjini Addis Ababa maelfu ya sampuli za mbegu za malisho, bafeli ikiwa mojawapo. Mwaka 2019 watafiti wake walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya majani ya tembo, yale ambayo Kenya huitwa nepia, wakilinganisha mkusanyo wao na ule wa Brazili. Na hapa Dubai kwenyewe, safari fupi ya gari kutoka uwanja wa ndege, kipo Kituo cha Kimataifa cha Kilimo cha Maji ya Chumvi, ICBA, kilichoanzishwa mwaka 1999. Huko watafiti waliotangaza matokeo yao mwaka 2016 walichukua sampuli 160 za bafeli wakazimwagilia maji yenye viwango mbalimbali vya chumvi. Nyingine zilidhoofika mapema. Nyingine ziliendelea kutoa majani katika chumvi ambayo ingeua mahindi. Zote kwa macho ni nyasi moja.

Fikirini basi. Kama wangekuwa na Biloela peke yake, wangepata jibu moja tu.

Mimi nilizaliwa Kondoa mwaka mmoja baada ya mifugo kuondolewa. Wasikilizaji wa Tanzania wenye umri mkubwa watakumbuka mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulioanza mwaka 1973. Ardhi ya Kondoa ilikuwa imechimbika makorongo ya kutisha, na mwaka 1979 serikali iliamuru mifugo yote itoke katika eneo lililoathirika, zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Makumi ya maelfu ya wanyama waliondoka. Baba yangu aliwapeleka ng'ombe wake kwa jamaa walio mbali, na wengi hakuwaona tena. Jambo hilo hakulisamehe hadi mwisho wa maisha yake, nami siwezi kumlaumu. Lakini alikiri, kwa shingo upande, kwamba baada ya misimu michache vilima vilivaa nyasi. Nyingi zilijiotea. Mbegu zilikuwamo ardhini, mipakani mwa mashamba, kwenye miamba ambako mbuzi hawakufika.

Nyasi ile iliyorudi ilikuwa na koo ngapi ndani yake? Hata hivyo ninajua kwamba kila mojawapo ilikuwa imepita katika makorongo yale na ikabaki hai, jambo ambalo mbegu ya mfukoni haijalipitia tangu mwaka 1937.

Sitaki mtu aelewe kwamba ninawashutumu Waaustralia. Walichukua kitu ambacho wakati ule hakuna aliyekitia thamani, wakakifanyia kazi kwa bidii. Mbegu yao husafishwa na kupimwa uotaji wake kabla ya kuuzwa, na mkulima anajua anachonunua. Kwetu mbegu ya nyasi ya porini mara nyingi huuzwa ikiwa na makapi mengi, au ikiwa mbichi mno. Bafeli iliyovunwa leo hulala usingizi, huhitaji kukaa ghalani miezi kadhaa ndipo iote vizuri, na mkulima asiyeambiwa hayo huipanda, haioti, akasema nyasi ya kwetu haifai. Ninachosema ni kwamba mfuko mmoja wa ukoo mmoja ukirudishwa kwa wingi katika nchi yenye koo nyingi, waweza kufunika ardhi haraka na kuzisonga zile ambazo bado hazijapimwa hata mara moja. Msaada wa leo huo waweza kuwa ndio Texas yetu ya kesho.

Sheria za kimataifa zimechelewa. Itifaki ya Nagoya, inayotaka nchi zenye asili ya mmea zipate mgawo wa faida itokanayo na vinasaba vyake, ilikubaliwa mwaka 2010 na kuanza kutumika mwaka 2014, Kenya ikiwa miongoni mwa nchi zilizoiridhia mapema. Kifurushi kilichoondoka Dodoma mwaka 1937 hakimo katika hesabu hizo. Lakini jani litakalochumwa kesho kwenye vilima vya Kondoa au Kibwezi limo, mradi kuwe na mtu wetu anayejua kwamba lipo na anaweza kuonyesha, kwa alama zile za vinasaba, kwamba ni la huko.

Hayo yote nilimweleza rafiki yangu tukinywa chai ya maziwa katika mkahawa mdogo karibu na lango la Freezone, malori yakipita. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali ambalo maabara haina jibu lake.

"Sawa, mdogo wangu. Mvua za vuli zi karibu. Ndugu zangu wana ng'ombe wanne waliobaki. Nikiwaambia wangoje nyasi ya kienyeji, watawalisha nini?"

Nilinyamaza. Nilipozungumza nilimweleza nilichokijua: kwamba kituo cha utafiti cha Kiboko, ambacho ki katika kaunti yao ya Makueni, kimefanya kazi na nyasi za asili kwa miaka mingi, bafeli ya huko ikiwamo, kwamba Baringo wako watu ambao tangu mwaka 1982 wamerudisha malisho kwenye ardhi iliyokuwa tupu, na leo huuza nyasi na mbegu, kwamba mfuko wake, hata akitaka kuutuma, lazima upate kibali cha KEPHIS pamoja na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi ulikotoka. Kuhusu hilo la mwisho alinikatiza. Vyeti ndiyo kazi yake.

Alimpigia simu ndugu yake pale pale. Walizungumza Kikamba kwa muda mrefu, nami niliambulia majina ya nyasi tu: ndata kivumbu, mbeetua. Alipokata simu aliniambia kwamba yuko mama mmoja jirani, mjane, ambaye bado ana kipande cha nyasi za asili nyuma ya boma lake kwa sababu alikizungushia miiba miaka ile wengine walipokodisha malisho. Mwaka uliopita alivuna magunia mawili ya mbegu, yako darini, na hajapata mnunuzi.

"Anauza kilo kwa bei gani?" nikauliza.

"Hajui. Anasema hakuna aliyewahi kumuuliza."

Wiki tatu baadaye nilipokea ujumbe wake. Ndugu zake wamelima makinga maji ya nusu duara, kama wanavyofanya watu wa huko ili kunasa matone ya kwanza, wakapanda gunia moja la yule mama. La pili wamelihifadhi. Mfuko wa Biloela bado uko rafuni kwake ofisini, haujatumwa wala haujatupwa. Asema ataungojea uamuzi wa mvua.

Nami nimemwomba anitafutie majani mawili: moja la shamba la yule mama, lililokaushwa vizuri ndani ya karatasi, na moja la mche utakaoota kutokana na mfuko ule, atakaouotesha kwenye kopo dirishani kwake. Mtaalamu mmoja ninayefahamiana naye ameahidi kunieleza hati gani zahitajika ili yapimwe. Tukipata matokeo, wasikilizaji, tutawaletea katika kipindi hiki hiki.

Hadi hapo, kwaherini.